Mwenye Jina la Mama Karimi

Pale Ruiri, eneo la Buuri huko Meru, kila mtu anaijua mashine ya kusaga ya Thuranira. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alipostaafu alinunua mashine akaanza kuwasagia watu mahindi. Baadaye akajaribu kuchanganya wimbi, mtama na muhogo mkavu, akapata unga wa uji ambao watu walitoka mbali, hata Githongo, kuufuata. Ndipo akaamua kuupakia kwenye mifuko na kuupeleka madukani.

Jina halikumsumbua. Mama yake mzazi aliitwa Karimi, na baba alipofariki mapema, uji wa mama huyo ndio uliomkuza yeye na ndugu zake. Mifuko ikaandikwa "Mama Karimi", na chini yake pakachorwa mwanamke aliyebeba wimbi.

Aliyeuliza ni mkewe, Marcella. Walikuwa uani wakipepeta.

"Baba Kithinji, umeangalia kama hakuna mtu mwingine mwenye jina hilo? Kina Karimi wamejaa kutoka hapa mpaka Embu."

"Nimeangalia," akasema.

Hakuwa ameangalia. Alikuwa amekwenda Meru mjini akasajili jina la biashara yake, basi. Karani aliyemhudumia alimweleza kwamba cheti kile ni cha biashara tu. Jina la kuandikwa kwenye bidhaa husajiliwa kwingine, kama alama ya biashara, na ni vizuri kulitafuta kwanza usije ukachukua la mwenzako. Thuranira aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Alikuwa na haraka, na karatasi yenye mhuri wa serikali ilimtosha. Aliitia kwenye fremu akaitundika juu ya mashine.

Siku moja Salesio, jirani aliyekuwa akipeleka viazi Embu, alirudi na mfuko wa unga mkononi.

"Mwalimu, kumbe siku hizi unauza hadi Embu?"

Mfuko ulikuwa umeandikwa "Mama Karimi". Haukuwa na picha ya mwanamke, ulikuwa na ya chungu. Thuranira aliugeuza huku na huku, na hasira ikampanda kama ya mtu aliyeibiwa ng'ombe. Hakuwaza hata kidogo kwamba chungu kile huenda kilimtangulia.

Siku ya soko alifika Embu na cheti chake, kimetolewa kwenye fremu na kukunjwa vizuri mfukoni. Alimkuta mwenye unga akiwa amepanga mifuko yake juu ya meza ya mbao. Aliitwa Lydiah Rwamba, mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, na wakati huo alikuwa akihudumia wateja. Thuranira angeweza kumsemesha Kimeru naye angemwelewa, maana lugha zao hazikuachana sana. Alichagua Kiswahili ili soko zima lisikie.

"Mama, hili jina umelitoa wapi?"

"Ni letu, mzee. Tulianza nalo zamani."

"Ni langu. Ni la mama yangu mzazi. Cheti hiki hapa. Chako kiko wapi?"

"Kiko nyumbani, mzee. Siwezi kuja na makaratasi sokoni."

"Mwizi hawezi kukosa la kusema," Thuranira akasema, akawageukia watu. "Nyinyi mnauziwa unga wa wizi. Hata hamjui ndani mna nini."

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshachukua mfuko aliurudisha mezani taratibu. Gichovi, mwenye duka lililotazamana na soko, alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani, akatoka na mifuko iliyobaki dukani kwake na kuirudisha kwenye meza ya Lydiah. Thuranira aliyaona hayo yote, akaondoka akijihisi ameshinda.

Wiki hiyo hiyo alikwenda kwa Kaberia, wakili mwenye ofisi Meru mjini, aliyepata kuwa mwanafunzi wake. Alitaka barua kali ya kumtisha yule mwanamke.

"Sawa, mwalimu," Kaberia akasema. "Lakini jina umelisajili kama alama ya biashara?"

"Cheti si hicho?"

"Hiki ni cha biashara. Hakimzuii mtu kuandika jina hilo kwenye unga. Kabla ya barua, wacha niulize Nairobi, kwa wanaotunza alama hizo, tuone liko kwa nani."

Thuranira alikubali, akiamini jibu litamkandamiza Lydiah. Jibu lilipokuja, Kaberia alimpigia simu akamwomba afike mwenyewe. Hakutaka kumwambia kwa simu.

"Mwalimu, jina limesajiliwa, kwa unga hasa. Mwenyewe ni Lydiah Rwamba wa Embu. Alilisajili wewe ukiwa bado unafundisha."

Thuranira alitazama sakafu.

"Yeye ndiye anayeweza kukushtaki," wakili akaendelea kwa upole. "Kwa jina, na hata kwa maneno uliyomsema hadharani, kama yapo."

Thuranira hakuwa amemweleza habari za soko. "Yapo," akasema.

Alirudi nyumbani bila kumwambia mkewe. Jumapili mchungaji aliutaja unga wake mbele ya waumini kama mfano wa mtu anayestaafu bila kukaa bure, na watu wakapiga makofi. Thuranira, aliyekuwa mzee wa kanisa na kiti chake kiko mbele, alitamani benchi limfunike. Ibada ilipokwisha hakusimama nje kusalimiana na watu. Alipita nyuma, upande wa choo, akashika njia ya shambani.

Marcella alimfuata huko huko.

"Una nini?"

Akamweleza. Alimweleza habari za wakili, kisha za soko, na mwisho, kwa shida, lile la kwanza.

"Uliniambia umeangalia," Marcella akasema.

"Nilikudanganya."

Mkewe hakupaza sauti. "Ungenidanganya mimi tu, tungeyamaliza hapa," akasema. "Lakini umemwita mke wa watu mwizi. Utarudi Embu, na uende siku ya soko."

Alikwenda. Meza ya Lydiah ilikuwa na mifuko michache, na mwenyewe alipomwona aliacha alichokuwa akifanya akasimama wima, kama anayengoja kupigwa. Thuranira aliona hilo, likamuumiza kuliko yote.

Alivua kofia. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, kwamba jina ni la huyu mama, kwamba yeye ndiye aliyelichukua bila kuuliza, na kwamba unga wa huyu mama hauna wizi wowote. Watu wawili watatu waligeuka. Wengine waliendelea kuchagua nyanya.

Lydiah alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Asante, mzee," akasema. "Lakini waliokusikia siku ile si hawa."

Akapanga upya mifuko yake, akaendelea:

"Gichovi hajachukua unga wangu tena. Na kuna wengine ambao sijui walisikia nini, nilipita tu madukani nikaona wananikwepa."

"Nitawaendea."

"Waendee."

Hakumwambia amemsamehe, naye hakuthubutu kuuliza. Alivuka barabara akaingia kwa Gichovi, na kutoka hapo duka kwa duka, akirudia maneno yale yale mbele ya watu wasiomjua. Mmoja alimcheka. Mwingine, aliyewahi kusikia akiitwa mwalimu, alimuuliza, "Na wewe ulikuwa mwalimu?" Akajibu kwamba ndiyo.

Ile mifuko yenye picha ya mwanamke aliichoma nyuma ya mashine. Safari hii alimwachia Kaberia atafute jina kwanza, na mawili yalikataliwa kabla ya kupatikana lisilo na mwenyewe, "Wimbi Safi la Buuri", jina ambalo hata yeye halimpendezi. Gichovi alirudi kuuza unga wa Lydiah. Wengine hawakurudi, na Thuranira anawajua kwa majina.

Wateja wa Ruiri wanakuja mpaka leo wakisema, "Mwalimu, nipatie Mama Karimi." Wanasema kwa mapenzi, wengine walimjua marehemu mama yake. Yeye huzima mashine kwanza ili asikike, kisha huwaambia kwamba jina hilo si lake, lina mwenyewe Embu.