Kombi ya Mapazia na Vibuyu Sita vya Uji

Kaka yangu alipopata mchumba kule Kangari, kazi ya kutafuta gari iliniangukia mimi. Sababu ilikuwa moja tu: nilikuwa nikipiga taipu katika ofisi moja mjini Nyeri, na nyumbani Othaya waliamini kwamba anayejua taipu anajua na magari. Sikuwasahihisha. Ilikuwa miaka ile ya kwanza baada ya Uhuru. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, viatu vya visigino, na maoni juu ya kila kitu.

Safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Watu wetu walikuwa wakienda kuonana na watu wa msichana kwa mara ya kwanza, na kwetu hakuna kwenda kuonana bila uji. Si uji wa asubuhi huo. Ni uji wa kuchacha, unaokaa siku kadhaa mpaka ukali wake ukukunje uso, na wanawake huubeba wenyewe kwa vibuyu mgongoni, wakiimba hadi langoni. Na nyanyake msichana alijulikana. Mwaka uliotangulia aliwarudisha wageni waliokuja kumposa mjukuu mwingine, kwa kuwa walileta mikate ya dukani. Lango halikufunguliwa hata kidogo. Kaka yangu alikuwa amekonda kwa kuwazia lango lile.

Jumamosi moja nilizunguka mjini na Mama tukiangalia magari ya kukodi. La kwanza lilikuwa lori kubwa, imara, lenye harufu ya kabichi za wiki mbili. Baba alikuwa ameshasema hapandi nyuma ya lori kwenda kwa wakwe, ashushwe kama gunia. La pili lilikuwa pikapu yenye turubai, na benchi mbili za mbao nyuma, upepo ukiingia huku na kutokea kule. Mama alipanda, akakaa, akapigapiga benchi kwa kiganja.

"Hii iko sawa," alisema. "Mzigo yetu inataka hewa."

Mimi macho yangu yalikuwa yameshafika kwenye la tatu. Ilikuwa kombi ya buluu, ya kufungwa, yenye viti vya kitambaa chekundu na mapazia madirishani. Mapazia, tafadhali. Nilishaanza kuwaona watu wa Kangari wakituchungulia tunavyoshuka, mguu mmoja mmoja.

"Kwa pikapu tutafika tukiwa wekundu kama matofali," nilimwambia Mama.

"Vumbi inapanguswa," akajibu. Lakini aliniona nilivyolishika pazia lile, akashuka kwenye pikapu. Mama alikuwa mtu wa kumwacha mwanawe akosee kwa raha zake.

Mwenye kombi, fundi mmoja kutoka upande wa magharibi aliyeiendesha mwenyewe, alikuwa na sharti moja. "Dada, mimi nabeba watu safi. Ukimwaga kitu kwa kiti yangu, tutajuana."

Sharti hilo ndilo lililoniponza. Asubuhi ya safari, wanawake walikuja na vibuyu sita, midomo yake imefunikwa kwa majani ya mgomba kama siku zote. Niliyatoa majani yote. Nikachukua magunzi ya mahindi, nikayasokomeza moja moja midomoni, na kuyagonga kwa jiwe mpaka nikaridhika kwamba hata tone haliwezi kupita.

"Ati unafunga uji kama ni mafuta ya taa?" Mama aliuliza.

"Ni kwa sababu ya viti, Mama."

Tukaondoka. Baba alikaa mbele na dereva, kofia yake magotini. Kaka alivaa tai ya kuazima. Sisi wanawake sita tulikaa nyuma, kila mmoja na kibuyu chake mapajani, tukiimba. Vumbi lilipozidi nilifunga madirisha yote, nikavuta mapazia. Tulipopita Murang'a jua lilikuwa kali na ndani tulikuwa tunaiva. Kisha tukaanza kupanda kuelekea kwenye mashamba ya chai, na kibuyu changu kikaanza kulia kama mlango mbovu.

Gunzi lilipita karibu na sikio la Baba, likagonga kioo cha mbele. Uji ukafuata. Kabla hatujajua la kufanya kikafyatuka cha pili, cha tatu, na cha nne. Uji ulipiga dari ukarudi kwetu.

Dereva alisimamisha gari. Uji ulikuwa ukidondoka kutoka kwenye mapazia yangu, na mimi nikaanza kulia, wala si kwa ajili ya viti. Nilikuwa nimemvunjia kaka yangu ndoa kwa sababu ya kitambaa chekundu.

Dereva alilamba mdomo wa juu. Akafikiri. Akalamba tena.

"Kumbe hii ndiyo mlikuwa mnaficha?"

Mama akacheka mpaka akashika tumbo, na gari zima likamfuata, hata Baba. Hapo ndipo nilipoona kwamba kibuyu cha Mama na cha jirani yake vilikuwa vizima. Alikuwa amelegeza magunzi yake kwa kidole gumba tangu Murang'a, bila kuniambia.

"Hewa," alisema.

Tulijipangusa kwa nyasi tukaendelea, vibuyu viwili vimejaa na vinne vitupu. Langoni kwa msichana tulishuka tukiimba. Wanawake wa ndani walituuliza kwa wimbo tumeleta nini. Kisha nyanyake akatoka na fimbo yake, mdogo wa mwili, macho makali. Aliangalia vibuyu vitupu. Aliangalia kofia ya Baba, na tai ya kaka yangu. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Cucu, nyanya yetu, kosa ni yangu," nilisema. "Nilifunga uji sana. Niliogopea viti ya gari."

Alinyoosha kidole, akanipangusa shavuni karibu na sikio, mahali ambapo nyasi hazikufika, akakitia mdomoni. Uso wake wote ulikunjamana. Nyuma yangu nilimsikia kaka yangu akiacha kupumua.

Kisha akawageukia wanawake wake.

"Hawa hawakupitia dukani," alisema. "Fungueni."

Kaka yangu alikuwa wa kwanza kuingia, tai yake bado inadondoka.