Povu Kwenye Bomba la Oksijeni

"Fundi, oksijeni haipikwi kama chai! Tungoje mitungi ya mjini," muuguzi mkuu alifoka.

"Ile tuliyoingoja wakati wa janga, dada, mpaka watu wakatuishia mikononi?" fundi akajibu bila kugeuka. Vidole vyake vimechanika kwa sabuni. Kila asubuhi anapaka povu kwenye viungo vya mabomba ya mtambo mpya wa kuzalisha oksijeni hapa hospitalini kwetu, anainama, anatafuta kiputo kinachoonyesha panapovuja. Leo hakuna hata kimoja. Akafungua koki, oksijeni ikaingia wodini. Nusu saa baadaye bibi yangu, aliyekuwa anahema kama amekimbizwa, akafumbua macho akaomba chai. Wodi nzima tukashangilia! Muuguzi mkuu mwenyewe akakimbilia birika. Fundi akatia sabuni yake mfukoni.

"Haya, nipisheni, sinki la leba limeziba."