Miezi Mitatu Nyuma ya Pikapu

Mwaka 2015, nikiwa na miaka hamsini na tisa, ndipo taabu iliponikuta. Nasema iliponikuta, maana sikuitafuta. Mimi mtu wa Tanga, nimeishia darasa la tatu, na kila nilichonacho nimekishona kwa mkono wangu. Ni fundi wa makochi. Karakana yangu ilikuwa Diepsloot, kaskazini ya Johannesburg, chini ya mabati, nikivalisha makochi na viti vya magari.

Mwaka ule watu wakaanza kuvunja maduka ya wageni. Spaza, yaani kiduka cha mtaani, ya Mkongo jirani yangu ilivunjwa saa nne asubuhi, jua kali, watu wanacheka huku wamebeba unga. Mimi nilisimama na mkasi mkononi nikiangalia. Sikufanya kitu. Mkojo ulinitoka kidogo, nasema kweli, na anayetaka kunicheka anicheke.

Uani nilikuwa na karavani kuukuu, niliyoipata kwa kumshonea mzungu mmoja makochi ya nyumba nzima. Siku ileile nikaifunga nyuma ya pikapu, nikapakia cherehani, mke wangu na binti yetu wa miaka tisa, tukaondoka.

Kwenye robot ya kwanza, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, nyekundu imewaka, mke wangu akaniambia, "Bwana wee, nakupa miezi mitatu. Ikifika miezi mitatu bado tunakimbia, napanda basi na mtoto narudi kwetu Tanga. Wewe utabaki na kibanda chako cha magurudumu."

"Nani kasema tunakimbia? Tunatembea."

"Haya, tembea. Taa imewaka kijani."

Tukatembea. Shamba hili siku nne, kambi ile wiki moja. Kwenye makambi wazungu walikuwa na viti vya turubai vilivyochanika, mimi nawashonea, tunapata chakula. Ndani ya karavani ukinyoosha mkono unagusa jiko, ukinyoosha mguu unamgusa mtoto. Nikaweka sheria: nje ya mlango, Kiswahili marufuku. Kanga hazikuanikwa nje, zilikauka ndani zikanuka uvundo. Binti ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Kazaliwa hapahapa, Kizulu chake na Kiingereza chake havina kasoro. Getini anashuka yeye, anaongea yeye, na mimi niliyejijenga mwenyewe nasimama nyuma yake kama furushi. Karavani naiegesha pikapu ikitazama barabara. Mbwa akibweka, mkono uko kwenye ufunguo. Kwa miezi ile sikumbuki kulala usingizi wa kuota.

Mwezi wa tatu wa kutembea tulikuwa kando ya bwawa moja, kusini ya jiji. Zilibaki siku tisa. Mke wangu alikuwa hazisemi, lakini nilimwona anakunja nguo za mtoto kwenye begi la peke yake.

Siku ya Ijumaa mchana akapika wali wa nazi na samaki. Akatandika mkeka nje, akaweka sinia, tukakaa watatu. Wakapita wanaume watatu wenye mapanga, wafyeka nyasi wa kambini. Mke wangu, kabla hajafikiri, akainua mkono akasema kwa sauti:

"Karibuni chakula!"

Mtu wa kwetu hawezi kula watu wakipita asiwakaribishe. Hata mimi mdomo ulikuwa umeshafunguka, yeye akaniwahi tu. Wale watu wakasimama. Mmoja, mrefu, akauliza kwa Kizulu tunatoka wapi. Binti akanitazama, kisha akajibu kama nilivyomfundisha, akataja mkoa wa nchi hiyohiyo:

"Limpopo."

"Limpopo?" Yule mrefu akatazama sinia. "Mimi ndiye wa Limpopo. Kwetu hatuli hivi."

Yule mtu akaweka panga lake pembeni ya mkeka, akakaa. Na wenzake wakakaa. Wakala. Mimi macho yangu kwenye lile panga, makali yake bado yana majani mabichi.

"Binti, mwambie babu yako apunguze pilipili," yule mrefu akasema.

"Ni baba yangu," binti akasema.

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. "Eish! Huyu mzee bado yuko moto!"

Mke wangu naye akacheka. Mimi tu sikucheka. Walipomaliza, yule mrefu akanawa, akaniambia kwa Kiingereza polepole nielewe: "Baba, Jumapili usiwe hapa. Jumapili wanakuja watu wengi." Akachukua panga lake wakaenda.

Alikuwa ananionya au ananitisha? Mpaka leo sijui.

"Ingieni garini," nikasema.

"Vyombo sijaosha."

"Ingieni!"

Karavani ina miguu minne ya chuma, unaishusha ukitua, unaipandisha ukiondoka. Mimi niliisahau yote minne. Nikakanyaga mafuta. Nyuma chuma kikakwaruza mawe, na kwenye kioo nikawaona wale watatu wanakuja mbio, mapanga juu, wanapiga kelele. Nikazidi kukanyaga. Binti akajikunja chini ya kiti. Mke wangu akanishika mkono: "Simama! Wanakuambia kitu!" Sikusimama mpaka kituo cha mafuta.

Pale nikashuka nikaona. Mguu mmoja wa karavani haupo, mwingine umepinda kama ndoana.

Mke wangu akautazama ule mguu, akanitazama mimi.

"Watu wamekula chakula changu," akasema, "na wewe umewakimbia. Bwana wee, sitaki hizo siku tisa. Ama leo turudi Diepsloot tukae kama watu, ama niteremshie begi langu hapahapa."

Nilitaka kubisha. Lakini binti alikuwa bado chini ya kiti. Nikamwita kwa Kiswahili atoke, akanijibu kwa Kiingereza. Nikaita tena, akanijibu vilevile.

Nikageuza gari. Tukaingia mtaani kwetu Diepsloot. Mabati ya karakana yalikuwa yameng'olewa yote. Tuliishi ndani ya karavani uwanjani pale mpaka 2019. Mwaka huo maduka yakavunjwa tena. Niliingia ndani nikajifungia, nikaogopa kama mara ya kwanza. Lakini pikapu sikuiwasha.

Leo nina karakana ya matofali, vyumba viwili nyuma yake. Cherehani tatu, moja ya ngozi. Pikapu ileile. Karavani, nimeifanya stoo ya sponji. Kiwanja Tanga, hakijajengwa. Mke. Binti mmoja, anaelewa Kiswahili chote, haongei hata neno.