Shikamoo ya Mwalimu Methusela

Marehemu Mwalimu Methusela Chilongani hakwenda Hispania kutafuta mali ya Mjerumani. Mjerumani hakuzika kitu Hispania, na anayeeneza uvumi huo, kama aliwahi kukaa darasani kwa mwalimu huyo, anajua hivyo. Hakufukuzwa huko. Hakurudi na dhahabu iliyofukiwa chini ya tangi la maji nyumbani kwake Area D, Dodoma. Waliokuja kuchungulia juu ya ukuta wameliona tangi, basi. Wala hakuuawa na mifupa. Figo zake zilichoka. Anayeandika haya alikuwa mkewe kwa miaka thelathini na moja, amesoma vya kutosha kutofautisha ugonjwa na mkosi, na anaandika mara moja tu, ili wajukuu wasije wakasimuliwa habari za babu yao na watu wa vijiweni.

Methusela alizaliwa Kibakwe, kule vilimani, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na maharage waliosali kila Jumapili na kulipa walichoahidi. Akawa mwalimu wa historia. Kila mwaka, kidato cha kwanza kilipoanza, alichora ubaoni shimo lenye matabaka ya udongo, akawaeleza watoto kwamba hiyo ni akiolojia: watu wanachimba polepole, na kadiri wanavyoshuka ndivyo wanavyorudi nyuma katika miaka. Na kila mwaka mtoto mmoja, tena mara nyingi yule wa nyuma kabisa, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe umewahi kuchimba?"

"Bado," alijibu.

Alilisema neno hilo mpaka akastaafu nalo. Wenzake walipokuwa wakimpa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani, yeye alikuwa amechoka kwa kitu ambacho hakukifanya.

Mwaka wake wa mwisho kazini alikuwa amewapeleka wanafunzi Kondoa kuangalia michoro ya miambani, na huko alikutana na mama mmoja Mhispania, Pilar, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuja kutembea. Waliongea mpaka watoto wakalala kwenye basi. Pilar akamwambia kwamba kila kiangazi anasimamia uchimbaji kwao, na anapokea watu wa kujitolea wa umri wowote. Methusela akacheka. Lakini njia nzima ya kurudi alihesabu miezi iliyobaki kabla ya kustaafu.

Aliyetoa nauli ni Jamaldini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, aliyekuwa mwanafunzi wake. Nalo hilo limegeuzwa kuwa biashara ya dhahabu. Jamaldini alisema hivi, sebuleni, mke wa Mwalimu akisikia: "Mwalimu, siku zile baba alipofilisika wewe ndiye uliyeniacha nikae darasani. Safari hii niachie mimi." Hakudai aletewe hata kokoto.

Wengi hawakuelewa. Mtu mzima, na mvi zake, anavuka bahari kwenda kuchimba bila ujira? Wangemwelewa kama angekwenda kuiba.

Alipofika alipiga simu. "Mama Anitha, wamenirudisha Dodoma," alisema. Kijiji kilikuwa juu ya uwanda mkavu, zabibu kila upande, vumbi, upepo, na jua la kupasua kichwa. "Kinachokosekana ni ugali wa uwele na wewe."

Walilala katika bweni la shule iliyofungwa kwa likizo, kwenye vitanda vya dabo deka, yeye na wanafunzi wa chuo ambao angeweza kuwazaa. Walimwachia kitanda cha chini. Kulipokucha walikuwa shimoni, wamepiga magoti, mkono mmoja mwiko wa mwashi, mwingine brashi. Udongo uliokwanguliwa uliingia kwenye ndoo, ndoo ikaenda kwenye chekeche, na kilichobaki kwenye chekeche kilikuwa kigae au hakikuwa kitu. Magoti yalimvimba. Alitafuta magunia akayakunja akayafunga kwa kamba, akatambaa nayo. Wiki ya kwanza alipata ukuta. Ya pili alipata ukuta ule ule, ukiendelea.

"Kumbe akiolojia ni kufagia," alimwambia mkewe kwa simu, sauti imekauka. "Unafagia uwanja wa mtu ambaye hayupo, na hujui anarudi lini."

"Si urudi?"

"Bado."

Asubuhi moja ya wiki ya tatu brashi yake ilipita juu ya kitu cha mviringo, rangi ya chungu kikuukuu. Alijua kabla hajaambiwa. Kwao Kibakwe mtu haingii kwenye uwanja wa mwenzake bila kubisha hodi, na aliyekuwa pale chini hakubishiwa hodi na yeyote. Methusela akavua kofia, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo."

Kijana aliyekuwa akichora ramani ya shimo la jirani, jina lake Iker, akauliza amesema nini. Methusela akamweleza kwamba ni salamu ya mdogo kwa mkubwa. Iker akaona jambo zuri. Akamwomba ainame tena kidogo, akampiga picha: mzee mweusi, kofia mkononi, kichwa chini, na fuvu mbele yake linatokeza kwenye udongo.

Siku mbili baadaye mtaalamu wa mifupa alikuja akaangalia meno, akacheka.

"Mwalimu, huyu ni mtoto wa kike. Hakufikisha miaka kumi na mitano. Umempa shikamoo mjukuu wako."

"Alizaliwa lini?"

"Labda miaka elfu moja na mia tatu iliyopita."

"Basi ni mkubwa wangu."

"Lakini alikufa mdogo."

"Kufa hakumpunguzii mtu miaka," Methusela alisema, akarudi kwenye brashi yake.

Maneno hayo yalizunguka kambi nzima. Kuanzia siku hiyo vijana wakawa wanaamkia kila kitu. Shikamoo, mfupa wa mbuzi. Shikamoo, toroli. Jikoni waliliamkia sufuria la dengu. Hawakuwa na ubaya; walikuwa vijana na jua lilikuwa kali. Na yeye, kwa kuwa kwao salamu haiachwi ikaanguka chini, akawa anaitikia marahaba kwa niaba ya mbuzi, na ya toroli, na ya sufuria, mpaka ulimi ukamchoka kuliko magoti.

Pilar aliona. Akamwita pembeni akamwomba radhi, akamwambia kama anataka anaweza kuhamia kivulini, akaoshe vigae.

"Hapana," alisema Methusela. "Yule mtoto nimeshamwamkia. Siwezi kumwamkia mtu halafu nikamwachia mwingine amtoe."

Akamtoa mwenyewe, mfupa kwa mfupa, mpaka ule mdogo kabisa wa kidole, akaupanga kila mmoja kwenye sanduku lake. Alimaliza muda wake wote. Siku ya kuondoka walimpikia, wakampigia makofi. Huko ndiko watu wanakosema alifukuzwa.

Lakini picha ilikuwa imeshatangulia. Iker aliiweka kwenye ukurasa wa kambi, mtu wa Dodoma akaiona, na kabla Methusela hajapanda ndege ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Maelezo chini yake yalikuwa ya Kihispania, kwa hiyo kila mtu aliyasoma alivyotaka. Mmoja akaona anaabudu fuvu. Mwingine akaona anakula kiapo. Wa tatu akasema tazameni vizuri, chini ya fuvu kuna kinachong'aa. Kilichong'aa ni mwiko.

Yote hayo yangepita. Ila mwezi huo huo ndipo Anitha, binti yao wa pekee, alikuwa aletewe mahari. Mchumba wake, Denis, kijana mwenye adabu, anafanya kazi ofisini, hana neno. Wenye neno walikuwa wazee wake. Wakamtuma mshenga, Mzee Abeli, mtu aliyezoea kubeba mambo mazito kwa sauti nyepesi. Alikunywa chai, akasifu ua, akaulizia mvua za Kibakwe, kisha akaweka kikombe.

"Upande wetu hawana shaka na binti," alisema. "Shaka yao ni mkono utakaopokea. Mkono wa baba ndio unaopokea. Na huo mkono, Mwalimu, wameuona kwenye simu."

Kesho yake akaja Sostenes, kaka mkubwa wa Methusela, kutoka Kibakwe na gunia la maharage.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hiyo ni yangu, au ni iliyobaki ya mafuvu?"

Methusela alitabasamu kidogo. Tangu arudi, hata kucheka kulimchosha.

"Nilimwamkia mtu, kaka."

"Mtu ana jina, ana ndugu. Huyo wako ana nani?"

"Hana. Ndiyo maana nikamwamkia."

Sostenes akavuta kiti karibu. Hakuwa mtu mbaya, na haya hayaandikwi ili kumchafua. "Sikiliza, mdogo wangu. Sisi tukizika tunanawa mikono. Wewe umefukua. Umenawa wapi?"

"Kwa sabuni, kila jioni."

"Utani huo wapelekee watoto wa Wazungu. Mimi nasema unawe mbele ya wazee, siku hiyo hiyo, kabla wageni hawajakaa. Beseni, maji, na mchungaji akitaka aombe. Nimeshaongea na Abeli. Ukinawa, wanakubali."

"Nikinawa nimekiri. Watasema, mmeona? Alikuwa mchafu, ndiyo maana akanawa. Na Anitha atakuwa mtoto wa huyo."

"Usiponawa atakuwa mtoto wa nani? Wa mwalimu mwenye msimamo, anazeekea kwako?"

Anitha, aliyekuwa akisikia kutoka jikoni, akatokea mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. "Baba, kama wanaogopa picha, waache waende."

"Denis haogopi picha," baba yake alisema. "Na wewe unampenda. Rudi jikoni, mama."

Wiki hiyo alitembea sana. Alitoka asubuhi akarudi na vumbi viatuni, hakusema alikokuwa. Jamaldini alimkuta mara moja anaelekea Msalato kwa miguu, akampakia kwenye gari na kumrudisha, na njiani walizungumza habari za bei ya saruji.

Siku ya mahari Sostenes aliamka mapema, akaweka beseni jipya barazani, jagi la maji kando yake, na taulo begani mwake. Wazee wawili wa ukoo walikaa kwenye benchi. Mzee Abeli alikuwa tayari getini, anajifanya anatazama maua. Methusela akatoka amevaa koti lake la kijivu, lile la mahafali, limepigwa pasi. Akasimama mbele ya beseni. Hakuna aliyemharakisha.

"Maji yana joto kidogo," Sostenes alisema kwa upole. "Nimechanganya."

Methusela akayatazama maji, kisha akamtazama kaka yake.

"Kaka, wewe ni baba yake mkubwa. Mkono wako unatosha. Pokea wewe."

Akageuka akaingia ndani.

Ni halali, baba mkubwa ni baba, na hakuna aliyeweza kusema mila imevunjwa. Wageni waliingia, wakaimba, wakakaa. Sostenes alipokea kwa mikono miwili, akatania wakwe kama inavyotakiwa, na sebule ikacheka. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Wakwe walipouliza aliko Mwalimu, waliambiwa hajisikii vizuri, na wote walikubali kuamini hivyo. Mkewe alikuwa anakwenda sebuleni na kurudi chumbani, akibeba soda, akibeba sahani. Chumbani mumewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, koti halijavuliwa, viganja juu ya magoti yale mabovu, anasikiliza mahari ya mtoto wake kupitia ukutani.

Anitha aliolewa. Kanisani alishikwa mkono na baba yake mwenyewe mpaka madhabahuni. Kanisa halikuuliza neno juu ya mikono. Masika yaliyofuata figo zikaanza kusumbua, na kabla ya mavuno akazikwa Kibakwe.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa watu wanauliza Mwalimu alisema nini siku ile, pale kitandani, na kama alilia. Wanauliza kama ni mkewe aliyemshauri asinawe, au kama alimsihi anawe naye akakataa. Sostenes mwenyewe ameuliza, kwa adabu, mara mbili. Hata Anitha ameuliza.

Chumbani walikuwa wawili. Mmoja amekufa, na mwingine hasemi.