Baba Yako Alivuka Kwanza

Nakumbuka siku moja ya vita, mwanangu Salima, gari la moshi lilipokuwa limeacha kufika Kindu na chumvi imekuwa kitu cha kuonjesha wagonjwa tu. Mjini walikaa askari. Ng'ambo ya Lualaba, msituni, walikuwa vijana wenye bunduki waliopigana nao. Mashamba yetu yalikuwa ng'ambo huko. Muhogo ulikuwa unaozea ardhini, na sisi huku tunapika majani ya porini. Aliyejaribu kuvuka alipigwa risasi na hawa au na wale.

Baba yako, mdogo wangu Ramazani, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, shati lake moja. Usidhani alizaliwa shujaa. Utotoni radi ikipiga aliingia chini ya kitanda changu. Lakini alikuja kwetu sisi wanawake pale mtoni, akachuchumaa.

"Bamama, munataka nini?"

"Kuvuna," tukamjibu. "Asubuhi tu, kisha turudi."

Akaenda kwa komanda wa askari wa mjini kumwomba ruhusa. Komanda akacheka: "Mwalimu, wale watakuua."

"Wakiniua, mutajua njia iko mubaya. Bamama hawatavuka."

Akapiga kasia peke yake. Nilimtazama mpaka mtumbwi ukafika ukingo wa pili. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Walimkamata, wakampeleka kwa mkubwa wao, kijana aliyezaliwa hapa hapa Kindu. Baba yako hakuhutubu. Alimwambia tu:

"Mama yako iko kule pamoja na sisi. Amekonda. Muache avune shamba lake."

Yule kijana akauliza: "Anatembea bado?"

"Anatembea na fimbo."

Kesho yake tulivuka, askari na vijana wa msituni wametuachia asubuhi ile. Jioni ile Kindu ilinuka sombe, majani ya muhogo, kila uwanja, na watu walicheka kwa sauti, jambo tulilokuwa tumelisahau.

Amani iliporudi, watu wa Kibombo, kwa wazazi wetu, wakamchagua kuwa mbunge wa jimbo. Akanenepa kidogo, akapata gari, na maneno yake yakawa marefu. Siku moja akawahutubia Kibombo juu ya soko kubwa ambalo wakubwa wa jimbo walitaka kulijenga. Mama Zaina, mmoja wa wale tuliovuka pamoja, aliyekuwa amerudi kwao Kibombo baada ya vita, akasimama katikati ya watu.

"Ramazani, wakati wa njaa ulituuliza kwanza. Leo unatuambia tu."

Nilidhani atakasirika. Badala yake alishuka jukwaani, akampa kipaza sauti, akaketi chini. Mama Zaina akasema hawana haja ya soko. Mchele wao unaozea ng'ambo ya kijito kwa sababu daraja limevunjika, hauwezi kufika stesheni.

Mwanangu, baba yako akarudi bungeni Kindu akalikataa soko mbele ya wakubwa wake, akadai daraja. Walimwonya. Akadai tena. Daraja likajengwa, la mbao tu, lakini baiskeli zenye magunia zinapita. Na uchaguzi uliofuata chama chake kikamweka mtu mwingine.

Alijifungia nyumbani. Nikampelekea ugali na samaki, nikamkuta ameukabili ukuta.

"Yaya," akaniita mimi dada yake, "nimepoteza kiti."

"Kwa sababu ya nini?"

Akafikiri. "Daraja."

"Basi nawa mikono, ule."

Akacheka, masikini mdogo wangu, akala mpaka akafuta sahani. Mwezi ule ule akarudi kufundisha. Leo akienda Kibombo hafiki mbali, kila mlango unamwita aingie.

Sasa nasikia wewe nawe unataka kugombea. Yeye hatakusimulia haya, ana haya. Kwa hiyo nakuambia mimi, shangazi yako. Kabla ya kusema, uliza, na ukishauliza, kaa usikilize mpaka mwisho, hata anayesema ni bibi asiye na meno. Penye hatari usiwatume watu, tangulia. Na siku watakapokunyang'anya kiti kwa jambo jema ulilolitenda, lia kidogo, huo si udhaifu, halafu uje kwangu ule.

Nenda, binti wa Ramazani. Mungu akufungulie njia, aulinde moyo wako usiwe mgumu, na watu wa Maniema wakuite mtoto wao ukiwa na cheo na ukiwa huna. Amina.