Namba Tatu kwenye Kibao cha Kinyozi

Watu waliosoma wakiulizwa picha wanayoipenda hutaja za Ulaya. Yangu ilichorwa kwenye bati la debe, kwa rangi iliyobaki baada ya mtu kupaka milango ya ghala, na ilining'inia juu ya kiti cha kinyozi karibu na soko la Nakuru. Ilikuwa na vichwa vinne, kila kimoja na namba yake, ili mteja asipoteze muda kueleza: alitaja namba, akanyolewa. Cha tatu, chenye njia ya nywele iliyonyooka upande wa kushoto, kilikuwa changu.

Kinyozi aliichora mwenyewe, miaka ile ya hamsini, nilipokuwa karani wa ghala la mahindi huko Rongai. Jumamosi mbili nilikaa mbele yake bila kutikisika. Wakati huo nilikuwa nimesoma, peke yangu na kwa msaada wa kamusi, kitabu kimoja cha uchoraji kisicho na jalada, nilichokipata kwenye mnada wa mzungu aliyehama. Nilikisoma mara tatu. Kwa hiyo kibao kilipotundikwa, nilikikagua kwa rula.

"Huyu si mimi," nikamwambia kinyozi mbele ya wateja.

"Si wewe? Basi ni nani huniletea kichwa hicho kila Jumamosi?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Wiki iliyofuata nilirudi na orodha ya makosa kumi na moja, kwa wino, kwa Kiingereza ili iwe na uzito, na chini nikaandika jina langu kamili na mahali pa kazi, nikatia sahihi. Kinyozi hakujua Kiingereza. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitandika ndani ya sanduku la nyembe.

Miezi michache baadaye, wakati wa hali ya hatari, askari walizingira soko. Asiye na kipande, kile cheti cha utambulisho, alipandishwa lori, na waliopanda lori lile hawakuwa na desturi ya kurudi upesi. Mimi, mtu wa utaratibu, nilikuwa nimekiacha kipande changu katika koti la siku za kazi.

Askari alinitazama sana. "Wewe, uso wako naujua. Nimeuona wapi?"

Siku zile hakukuwa na swali baya kuliko hilo.

"Kwa kinyozi, afande. Mimi ndiye namba tatu."

Nikapelekwa chini ya kibao, inspekta mzungu akifuata. Alitazama bati, akanitazama mimi.

"Hafanani," akasema.

Nikajikuta nikimtetea mchoraji: kwamba bati lina mikunjo, kwamba anayenyolewa huinamisha kichwa, kwamba jicho la mchoraji si kamera. Inspekta akamgeukia kinyozi. "Ni yeye?"

"Bwana mkubwa, mimi nasema ni yeye. Lakini mwenyewe alikataa, tena kwa maandishi." Akaondoa nyembe zake sandukuni, akatoa karatasi.

Inspekta aliisoma kwa sauti, polepole, akinitazama baada ya kila kosa. Sikio la kushoto liko juu kuliko la kulia. Akanishika kidevu, akanigeuza. Lilikuwa juu. Shingo ndefu kupita kiasi. Akatikisa kichwa kukubali. Pua inaelekea upande mmoja. Kufikia kosa la saba askari alikuwa amegeuka ukutani, mabega yakimtetemeka. Yote kumi na moja yalionekana, kila moja mahali pake, kichwani mwangu. Kisha likaja jina, ghala, Rongai, sahihi.

"Mwache," inspekta akasema, akamrudishia kinyozi karatasi.

Lori likaondoka na watu ambao hakuna aliyewahi kuwachora.

Kinyozi akakung'uta shuka.

"Kaa, bwana karani. Leo namba ngapi?"

"Tatu."

"Ile yenye makosa?"

"Hiyo hiyo," nikasema, nikakaa, nikajaribu kutotikisika.