Siku Saba za Maji

Fundi wa jirani anamwagia chokaa maji, na harufu yake, kali na yenye moto, imeingia hadi chumbani kwangu. Nimeacha kuandika.

Nilipokuwa mtoto, mtaa wetu wa Kariakoo ulikuwa wa mchanga unaomeza matairi. Baba, fundi wa barabara, aliwaongoza majirani kuchanganya udongo mwekundu na chokaa, wakaushindilia mpaka ukalala kama mkeka. Kesho yake kazi ikamwita kusini, kwenye vijiji vipya. Kabla ya kuondoka alinipa kopo la maziwa alilolitoboa kwa msumari.

"Mwagilia barabara kila asubuhi, siku saba. Ikikauka upesi itapasuka. Ya saba nitakuwa nimerudi, tuikague pamoja."

Nilimwagilia. Maji yalizama kwa sauti ndogo ya kunywa, na vumbi jeupe likanikausha vidole. Siku ya saba nilikaa kizingitini nikiangalia upande wa Mnazi Mmoja, alikoondokea Baba, mpaka shangazi akaniita kula.

Niliendelea. Mikokoteni ilishaanza kupita, na maji sasa hayakuzama, yalitiririka juu.

Mama muuza vitumbua akacheka. "Wee mtoto, hiyo barabara au mchicha?"

"Shikamoo. Baba kasema siku saba."

"Marahaba. Leo ya ngapi?"

"Ya sita," nikasema. Ilikuwa ya kumi na moja.

Aligonga barabara kwa kisigino. Ikalia kama jiwe. Akanitazama, kisha akainua jiko lake la mkaa, likiwaka vile vile, akalisogeza pembeni ili nimwagilie na pale.